Kwenu ni Wapi? Isiolo na Nchi Inayobebwa Moyoni

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipokea malalamiko ambayo makarani wa kodi hawakuyazoea. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wengi wao askari wastaafu, wafanyabiashara wa mifugo na watumishi waliokaa katika miji ya Kenya, Isiolo ikiwamo, waliikataa kodi waliyopangiwa kwa sababu ilikuwa ndogo. Walitaka kulipa kodi kubwa zaidi, ile waliyotozwa Wahindi. Waliandika barua hadi London, wakawashirikisha ndugu zao mabaharia wa Uingereza na jamaa zao wa Somaliland ya Waingereza, wakashikilia kwamba asili yao ni Arabuni na kwa hiyo wahesabiwe pamoja na watu wa Asia.

Anayesikia habari hii leo huenda akadhani ni majivuno ya nasaba. Lakini katika Kenya ya wakati ule, kundi ambalo mtu aliandikwa ndani yake ndilo lililoamua kama atakaa mjini bila kufukuzwa, atasafiri kwa cheti gani, atahukumiwa katika mahakama ipi na atalazwa katika wodi gani. Kodi ya juu ilikuwa bei ya usalama, na hoja ya kununulia usalama huo ilikuwa nchi ambako wengi wa waliodai hawakuwahi kuishi.

Ndiyo maana nalichukulia suala la nchi ya asili kuwa jambo zito. Tumezoea kuliweka upande wa hisia: wimbo wa zamani, picha ya babu ukutani, hamu ya chakula cha utotoni. Hisia hizo zipo na ni za kweli. Hata hivyo, nchi ya asili jinsi mhamiaji anavyoiwaza huamua mambo ya mkono na mfuko: alipe kodi gani, ajenge wapi, amwoze binti yake kwa nani, achukue uraia upi, aweke mali yake katika ardhi au katika mifugo. Na nchi hiyo haitokani na kumbukumbu peke yake. Huchorwa upya kila kizazi, na mara nyingi anayelazimisha mchoro mpya ni yule anayeuliza "Kwenu ni wapi?" kabla ya kutoa haki. Historia ya Isiolo inalionyesha jambo hili waziwazi.

Mji wa watu waliotoka kwingine

Isiolo iko takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, pale miteremko ya Meru na Mlima Kenya inapoishia na nchi kame inapoanza. Mkoloni aliifanya makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile iliyojulikana kwa kifupi kama NFD. Sheria ya 1902 iliifunga wilaya hiyo, na sheria ya 1934 ikaibana zaidi: mtu hakuingia wala kutoka bila pasi. Kwa miongo mingi baada ya uhuru barabara ya lami iliishia Isiolo. Watu wa kaskazini walizoea kusema wanakwenda "Kenya" wanapopanda gari la Nairobi, na aliyerudi aliulizwa "Habari za Kenya?" Kwa hiyo mji huu ulikuwa mlango kati ya nchi mbili ndani ya mpaka mmoja.

Karibu kila jamii iliyoko hapo ina simulizi yake ya kufika. Wasomali wa Isaaq na Harti walipewa makazi na malisho baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakiwa askari waliomaliza utumishi wao. Waborana wa Waso, yaani wa bonde la mto Ewaso Nyiro, walisogezwa huko na serikali katika miaka ya 1930 kutoka upande wa Wajir. Waturkana walifika kutoka magharibi wakitafuta kazi na chakula, na leo wako Ngare Mara, Burat na vitongoji vya mji. Wasamburu na Wameru nao wana hoja zao nzito kuhusu nani alitangulia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Kwa idadi hiyo ndogo, ni vigumu kupata mahali pengine Kenya ambapo swali la nani mwenyeji na nani mgeni limeulizwa mara nyingi namna hii na kumwaga damu kiasi hiki.

Nasaba iliyogeuka hati

Wasomali wa kwanza kufika Kenya ya nyanda za juu walikuja na misafara ya Wazungu. Lord Delamere aliingia nchini mwaka 1897 akitokea Somaliland, akiwa na Wasomali waliomwongozea ngamia na kulinda msafara. Farah Aden, msimamizi wa nyumba ya Karen Blixen pale chini ya Vilima vya Ngong, alikuwa Msomali wa Habr Yunis, tawi la Isaaq. Wengine waliandikishwa jeshini Aden na Berbera. Walikuwa watu wa bandari na safari, waliozungumza lugha kadhaa na kuvuka bahari mara kwa mara.

Mwaka 1919 serikali ilipitisha sheria iliyowatoa baadhi ya Wasomali katika kundi la "wenyeji" kwa mambo kadhaa. Sheria hiyo iliwafunulia siri kubwa ya dola ile: nasaba ikiandikwa vizuri hugeuka hati. Waisaaq husimulia kwamba babu yao, Sheikh Isaaq, alitoka Arabuni na akazikwa Maydh, kwenye pwani ya Somaliland. Simulizi hiyo ilikuwapo kabla ya Mwingereza, nayo ilikuwa na kazi yake katika dini na ndoa. Lakini nchini Kenya ilipewa kazi mpya, kazi ya kumtetea mtu mbele ya afisa wa wilaya. Ndipo Arabuni, iliyokuwa chimbuko la sala na heshima, ikawa pia nchi ya asili kwa maana ya kisheria.

Kuamini hivyo kulikuwa na gharama zake katika maisha ya kila siku. Familia iliyodai Uasia ililazimika kuishi kwa namna itakayothibitisha dai hilo: mavazi, makazi, shule waliyoiombea watoto wao, hata umbali waliouweka kati yao na Waafrika wengine waliokuwa majirani zao, na wakati mwingine wakwe zao. Wapo waliokuwa na mama wa Kisamburu, wa Kiborana au wa Kimasai, na nasaba inayofuata baba iliwaruhusu kumwacha mama nje ya maombi yao kwa serikali. Hapa ndipo panaponiuma katika historia hii. Nchi ya mbali ilipopewa nafasi ya juu, watu wa karibu walilipia.

Miaka michache tu baadaye ramani iligeuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chama cha Somali Youth League, kilichoanzishwa Mogadishu mwaka 1943 kama klabu ya vijana, kilienea hadi miji ya NFD, Isiolo nayo ikiwamo. Chama hicho kilihubiri kwamba Wasomali wote ni taifa moja, bila kujali koo wala mipaka ya wakoloni. Serikali ya Kenya ilikipiga marufuku mwaka 1948. Kijana ambaye baba yake alipigania kuitwa Mwasia sasa alijiita Msomali wa taifa lijalo. Katika muda usiofika miaka ishirini, nchi ya asili ilikuwa imehama kutoka Arabuni hadi Mogadishu, ilhali familia yenyewe ilikuwa palepale Isiolo.

Nyota ya pembe tano

Somaliland ya Waingereza ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na Julai mosi ikaungana na Somalia ya Waitaliano. Bendera ya jamhuri mpya ilikuwa na nyota ya pembe tano, na kila pembe ilisimamia nchi moja inayokaliwa na Wasomali. Mojawapo ilikuwa NFD. Kwa mara ya kwanza, nchi iliyowazwa ilikuwa na redio, jeshi na kiti Umoja wa Mataifa, nayo ilikuwa inawaita watu wa kaskazini mwa Kenya kwa jina.

Mwaka 1962 Uingereza ilituma makamishna wawili, Onyiuke wa Nigeria na Bogert wa Kanada, wakawasikilize wakazi wa NFD. Waliona kwamba wengi walitaka kujitenga na Kenya. La muhimu zaidi kwa hoja yangu ni namna maoni yalivyogawanyika. Waborana wa Marsabit na Moyale, ambao wengi wao walishika dini ya jadi, walitaka kubaki Kenya. Ndugu zao wa Isiolo, waliokuwa wamesilimu, waliunga mkono kujitenga. Lugha yao ni moja na koo zao ni zilezile. Wote wangeweza kuitaja Ethiopia kuwa kitovu chao, kule Liban na Dirre, ambako mkutano mkuu wa Gumi Gayo hukaa kila miaka minane. Lakini Waborana wa Waso walikuwa wametengwa na kitovu hicho kwa mpaka wa dola na kwa uhamisho wa miaka ya 1930. Wakaishi jirani na Wasomali, wakasali nao, wakafanya nao biashara. Nchi waliyoiwaza ilifuata msikiti na soko kuliko damu.

Jambo hili linapingana na imani iliyozoeleka kwamba asili ni kitu kimoja kisichobadilika, kinachomngoja mtu nyuma yake. Kama ingekuwa hivyo, Waborana wote wangetazama upande mmoja.

Machi 1963 Uingereza ilitangaza kwamba NFD itabaki Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Juni mwaka huohuo Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Barabara moja katikati ya Nairobi na wadi moja ya Isiolo zinabeba jina la Wabera. Desemba serikali mpya ya Kenya ikatangaza hali ya hatari kaskazini, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi 1967.

Waborana wa Isiolo wanauita wakati ule Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na wanajeshi, kama vile Garba Tulla na Merti. Mifugo ilizuiwa kuhama kufuata malisho, mingine ikachukuliwa, mingine ikauawa. Familia zilizokuwa na mamia ya ngamia na ng'ombe zikaishia kutegemea chakula cha msaada au kulima vipande vya ardhi katika skimu za umwagiliaji kama Malka Daka. Uamuzi wa kuunga mkono nchi iliyowazwa uliwagharimu hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki, kwa sababu dola haikutafuta kujua nani aliwaza nini. Iliadhibu kwa jina la jamii.

Na wakati bunduki zinalia, palikuwa na uamuzi mwingine wa kimyakimya. Katiba ya uhuru ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya. Watu wengine wenye haki ya kuomba walipewa miaka miwili wajiandikishe, na uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Kwa mtoto wa askari aliyezaliwa Berbera, fomu ile ilimtaka achague kati ya nchi aliyoijua kwa macho na nchi aliyoijua kwa hadithi, na achague wakati ambapo nchi ya macho ilikuwa inamtazama kama adui.

Waliokwenda, na walichokikuta

Wapo waliohamia Somalia. Wapo waliosonga mbele hadi Uingereza, wakifuata njia zilizofunguliwa na mabaharia wa Cardiff na London. Waliobaki Isiolo waliendelea na biashara ya mifugo na maduka, wakizungukwa na vizuizi vya barabarani.

Waliohamia Somalia walikuta nchi iliyokuwa na shughuli zake. Oktoba 1967, kule Arusha, Waziri Mkuu Mohamed Haji Ibrahim Egal alikubaliana na Kenya kumaliza uhasama. Egal mwenyewe alikuwa Mwisaaq. Mwaka 1969 jeshi likapindua serikali. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre zikaushambulia Hargeisa kwa mabomu, mji mkuu wa kaskazini ambao Waisaaq wengi wa Kenya waliuona kuwa kwao. Jamhuri iliposambaratika, Somaliland ikajitangazia uhuru tarehe 18 Mei 1991, ikadai mipaka ileile iliyochorwa na Mwingereza. Egal akawa rais wake mwaka 1993. Nyota ya pembe tano ilikuwa imevunjika, na waliovunja kipande kimojawapo walikuwa watu wa Somaliland wenyewe, waliochoka kufia umoja ule.

Kwa mara ya pili, basi, nchi ya asili ya Mwisaaq wa Isiolo ilihama: Arabuni, kisha Somalia kubwa, sasa Hargeisa. Na kila ilipohama, kulikuwa na msukumo nyumbani Kenya. Novemba 1989 serikali ilitangaza msako wa Wasomali wote watu wazima, raia na wasio raia. Kila mmoja alitakiwa kuthibitisha uraia wake mbele ya kamati na kupewa cheti maalumu cha rangi ya waridi. Mtu aliyezaliwa Isiolo, aliyesoma Isiolo, aliyelipa kodi Isiolo, alitakiwa kutaja kabila dogo, ukoo na mlango wa babu yake ili aaminiwe kuwa Mkenya. Usishangae kama usiku ule aliwafundisha watoto wake nasaba hadi babu wa kumi. Dola ndiyo iliyomwambia kwamba hicho ndicho kitambulisho chake halisi.

Kukuta nchi tofauti na ile uliyoiwaza hakukuwapata Wasomali peke yao. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitawanyika, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 aliwaita warudi wajenge nchi. Wengi walirudi wakiwa na elimu na Kiswahili, huku Kiarabu chao kikiwa dhaifu, na huko Muscat wakaitwa Wazanzibari. Nchi waliyoitwa Waarabu ndani yake na nchi waliyoitwa Wazanzibari ndani yake zote zilikuwa zao, na zote ziliwapa jina la ile nyingine.

Uganda inatupa mfano mkali zaidi. Watoto wa wakimbizi wa Kitutsi walioondoka Rwanda kuanzia 1959 walikulia kambini na mijini wakiijua Rwanda kwa masimulizi. Mwaka 1982 makumi ya maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa makwao kusini-magharibi mwa Uganda. Waliojiunga na jeshi la Museveni walidhani wamepata nchi, hadi mabishano ya ardhi na uraia yalipowakumbusha kwamba bado ni wageni. Tarehe 1 Oktoba 1990 wakavuka mpaka kwa silaha. Hadithi za wazazi zilikuwapo miaka yote thelathini. Kilichozigeuza kuwa uamuzi wa kuvuka ni mlango uliofungwa Uganda.

Mishamo, Kigoma na Kibra

Hapa msomaji makini atauliza: je, ni dhiki tu inayoikuza nchi ya asili? Kila anayeonewa huikumbuka asili, na kila anayetendewa vyema huisahau? Jibu si rahisi hivyo, na utafiti mmoja uliofanywa Tanzania unatusaidia kuona kwa nini.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliwachunguza Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Baadhi waliwekwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wengine waliishi kivyao katika mji wa Kigoma. Wa Mishamo walikuwa na mashamba, shule na ulinzi wa kisheria, lakini ndio waliojiona taifa lililo uhamishoni, wakisimulia historia ya Burundi kama fundisho la kila siku na kungoja kurudi. Wa Kigoma, wasio na hati za uhakika, walichanganyika, wakaoa na kuolewa, wakabadili majina, wengi wakakwepa hata kuitwa wakimbizi. Kwa hiyo dhiki peke yake haitoshi kueleza. Kilichoilisha nchi ya asili Mishamo ni kutengwa kwa jina: kuwekwa pamoja, kuhesabiwa pamoja na kusimamiwa pamoja kwa sababu ya mlikotoka.

Kilichofuata kinapaswa kusomwa na kila anayetunga sera ya uhamiaji. Kuanzia 2007 Tanzania iliwapa wakimbizi hao wa 1972 hiari ya kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Takriban asilimia 80 ya watu wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walichagua uraia wa Tanzania, na zaidi ya 160,000 wakaupata. Watu walioiimba Burundi kwa zaidi ya miaka thelathini walipopewa haki ya kubaki walibaki. Hawakuwa waongo walipoimba. Walikuwa wameishikilia nchi ya asili kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa imekubali, walau katika mawazo, kuwaita watu wake.

Wanubi wa Kibra, Nairobi, wanatupa upande wa pili. Nao ni watoto wa askari, Wasudani wa jeshi la mkoloni waliopewa kuishi Kibra mwanzoni mwa karne ya 20, kama vile Waisaaq walivyopewa Isiolo. Sudan haikuwahi kuwa kwao nchi ya kurudi, kwa hiyo juhudi zao zote waliziweka katika ardhi ya Kibra yenyewe. Walipambana kwa miongo mingi. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia, na Juni 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Asili yao ipo katika ngoma, mapishi na harusi zao. Lakini katika maamuzi makubwa ya maisha, swali lao lilikuwa jinsi ya kubaki.

Kitambulisho, kiwanja na kaburi

Turudi Isiolo ya leo, tutazame mambo matatu ambayo nchi inayowazwa hugusana nayo.

La kwanza ni kitambulisho. Kwa miongo mingi kijana wa kaskazini aliyefikisha miaka 18 alipitia kamati ya uchunguzi ambayo mwenzake wa Nyeri au Kisumu hakuijua. Bila kitambulisho hafungui akaunti, hasajili laini ya simu, hapati kazi ya serikali, hapiti kizuizi cha barabarani bila hofu. Mwaka mmoja au miwili ya kusubiri katika umri ule hugeuza maisha: huyu anaacha chuo, yule anaanza kuuliza njia ya kwenda Ghuba au Ulaya. Cindy Horst, aliyefanya utafiti katika kambi za wakimbizi za Dadaab, ameandika kuhusu wakimbizi waliotekwa na ndoto ya kuhamishiwa ng'ambo hata maisha ya sasa yakawa ya kungoja tu. Kijana asiyetambuliwa kwao huanza kuishi hivyohivyo, ingawa yeye ni raia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uchunguzi huo maalumu. Tangazo ni jambo jema. Thamani yake itapimwa katika ofisi ya msajili, siku msichana wa Bulla Pesa, Isiolo, atakapohudumiwa kama msichana wa Thika.

La pili ni kiwanja. Ardhi ya Isiolo kwa sehemu kubwa haikuwa na hati za watu binafsi, na tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe mwaka 2012, ukiahidi reli, bomba la mafuta na mji wa kitalii Isiolo, bei ya viwanja na migogoro vimepanda pamoja. Asiye na hakika na kiwanja chake ana sababu nzuri ya kuweka akiba katika kitu kinachotembea: ngamia, bidhaa, dhahabu, nauli ya mtoto. Majirani humlaumu kwamba hajengi kwa sababu moyo wake uko kwingine. Mara nyingi mambo yako kinyume. Moyo hutafuta kwingine kwa sababu hapa ukuta wa jiwe unaweza kubomolewa. Pale ambapo biashara haitegemei hati ya ardhi, utaona mizizi ikishuka haraka: wanawake wa Isiolo wanaokusanya maziwa ya ngamia alfajiri na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi, kwa basi wamejenga, kwa kuaminiana, uchumi unaowafunga na mji huu kuliko hotuba yoyote ya uzalendo.

La tatu ni kaburi. Kwa Wakenya wengi kaburi ndilo jibu la mwisho la swali la kwenu ni wapi. Mwaka 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyeishi Nairobi na mke Mkikuyu, na Mahakama ya Rufani ikaamua azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa ukoo wake. Hata mhamiaji wa ndani, mfanyakazi aliyestaafu akiwa Isiolo, hujenga nyumba ushago mapema ili maiti yake ipate uwanja. Kwa Mwislamu wa Isiolo mambo ni tofauti. Sheria ya dini humtaka azikwe upesi, mahali alipofia. Matokeo yake ni kwamba makaburi ya Waislamu mjini Isiolo yana askari wa Vita Kuu ya Kwanza, watoto wao, wajukuu na vitukuu. Kama kaburi ndilo kipimo, jamii hii imekuwa mwenyeji kwa karne nzima, na ajabu ni kwamba kipimo hicho hakijawahi kutumiwa kwa faida yake.

Asili bila adhabu

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na sitaki kuonekana nawaambia watu waache asili zao. Nasaba ya Kisomali na ya Kiborana ndiyo bima ya ukame: mifugo ikifa, mtu wa ukoo hukupa wa kuanzia. Hawala inayotoka London hulipa karo ya shule Isiolo. Nchi inayowazwa huwapa watoto hadhi pale mtaa unapowaita wageni. Madhara huja pale asili inapofanywa sharti la haki.

Wala serikali si mkosaji pekee. Wanasiasa wa Isiolo wenyewe wamejifunza kuitumia lugha ya mwenyeji na mgeni kila uchaguzi unapokaribia. Mapigano ya 2011 na 2012, kabla ya kaunti kuundwa, yaliwaua na kuwahamisha watu wa jamii kadhaa ambao wote, ukifuatilia historia, walifika au walisogezwa hapo ndani ya kumbukumbu ya familia zao. Anayemwambia jirani "rudi kwenu" anamtengenezea jirani huyo nchi ya mbali kwa mikono yake mwenyewe, kisha anamlaumu kwa kuipenda.

Mambo kadhaa yanaweza kufanywa bila kungoja kizazi kingine. Kitambulisho kitolewe kwa cheti cha kuzaliwa na rekodi za shule, si kwa kuhojiwa ukoo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 itekelezwe Isiolo kabla ya madalali wa LAPSSET kumaliza viwanja. Mateso ya Gaafa Dhaabaa, yaliyoorodheshwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013, yalipwe fidia na yafundishwe shuleni, ili mtoto wa Merti na mtoto wa Murang'a wasome historia moja ya Kenya. Uraia wa nchi mbili, ulioruhusiwa na Katiba ya 2010, uheshimiwe kwa Mkenya wa Hargeisa kama unavyoheshimiwa kwa Mkenya wa Boston.

Historia ya Isiolo inatuhakikishia kwamba watu hawashindani na nchi wanakoishi kwa kuwa na nchi nyingine moyoni. Walioomba kulipa kodi kubwa zaidi walikuwa wanaomba kubaki. Waliojiunga na nyota ya pembe tano walikuwa wanatafuta dola itakayowaita raia bila kuuliza swali la pili. Wa Mishamo walipoulizwa kwa dhati, walichagua mashamba waliyoyalima. Kenya ikitaka kujua wapi zilipo nyoyo za watu wake wa kaskazini, iache kuwapima kwa walikotoka babu zao, iwape hati na kiwanja, kisha itazame wanachojenga.